Makorongo ya Lambwe Baada ya Moto

Sisi wa Awendo tunaujua moto kwa majivu yake. Ukiamka ukakuta vipande vyeusi vyembamba vimelala juu ya nguo ulizoacha kwenye kamba, huna haja ya kuuliza: kuna shamba la miwa limeungua usiku, kama si upande wa Sare ni upande wa Ranen. Mwenye shamba atahangaika siku nzima kutafuta trekta, kwa kuwa muwa ulioungua hausubiri. Kila siku unayolala shambani, sukari yake inapungua. Lakini pita pale baada ya mvua mbili tatu. Visiki vilivyokuwa vyeusi vimetoa maotea ya kijani, na mtoto asiyejua habari anaweza kudhani shamba limepandwa upya. Tumeyaona hayo tangu kiwanda cha sukari cha Sony kilipoanza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa hiyo ukituambia kwamba mlima umeungua na sasa unarudi, hatushangai. Kinachotushinda wengi ni kuupita mlima huo bila kuumia na bila kuuumiza. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili hiyo.

Toka Awendo hadi Rongo, kata kushoto mpaka Rodi Kopany, kisha kushoto tena uingie Ndhiwa. Kutoka huko barabara za vumbi zinakufikisha kwenye ukingo wa Kanyamwa. Hapo ardhi inakatika, na chini yako unaliona Bonde la Lambwe lote. Ng'ambo vimesimama vilima vya Gwassi, vinavyopanda zaidi ya mita 2,200 kabla ya kuteremka upande wa pili hadi kwenye maji ya Ziwa Victoria. Katikati, sakafuni mwa bonde, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 za nyasi na migunga. Mbavu za pande zote mbili, Kanyamwa na Gwassi, zimechanwa na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua. Mengi ni makavu miezi mingi ya mwaka, na ndani yake ndimo miti mikubwa ilimojificha.

Kati ya Januari na Machi, kabla masika hayajaanguka, nyasi za huko hukauka zikawa kama karatasi. Mkulima anasafisha shamba kwa kiberiti. Mchungaji anataka majani mabichi kwa ng'ombe wake. Mlina asali anadondosha mwenge chini ya mti, au tanuri la makaa linapasuka usiku. Moto ukishika chini ya korongo hupanda kama moshi kwenye dohani, kwa kuwa kuta za pande mbili huukusanya upepo na kuusukuma juu. Ndiyo maana unaweza kukuta korongo moja limekuwa jeusi kutoka mdomoni hadi kileleni, na jirani yake, hatua mia mbili tu, halijaguswa.

Neno lenyewe hapa linabeba mzigo. Korongo ni bonde jembamba lenye kuta. Korongo ni ndege mwenye miguu mirefu. Na korongo ni swala mkubwa wa rangi ya udongo mwekundu uliopauka, mwenye uso mweusi na mweupe kama aliyevaa barakoa, masikio marefu yenye vishungi na pembe zilizopinda kurudi nyuma. Huko Lambwe unaweza kuwaona wote watatu asubuhi moja. Huyo swala ndiye aliyefanya bonde litengwe mwaka 1966 kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likapewa jina la Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu Kenya nzima, na wote walikuwa Ruma. Kumbuka idadi hiyo kila utakapotaka kukatiza nyasi ndefu zilizosalia baada ya moto. Ndama wa korongo hulazwa nyasini na mama yake, akabaki ametulia kimya hadi mama arudi kumnyonyesha. Moto unapokula nyasi zote, kile kipande kidogo kilichobaki ndicho chumba chake cha kulala.

Swali la kwanza ni lini uende. Watu hufanya haraka. Moto ukizimika Jumapili, Jumatano vijana wako kule na simu zao wakipiga picha. Usiende. Wiki tatu nne za mwanzo mlima bado unaungua kwa ndani. Nilikwenda siku moja na mzee mchungaji wa upande wa Kanyamwa, na nilidhani tumechelewa vya kutosha, kwa kuwa siku ishirini zilikuwa zimepita na majivu yalikuwa baridi hata kuyashika. Tukafika penye kisiki cha mgunga kilichobaki kimo cha goti. Mzee akanizuia kwa mkono.

"Nyathina, ngoja kwanza."

Akachomeka fimbo yake kwenye majivu, hatua moja kutoka kisikini, mahali ambapo mimi nilikuwa karibu kuweka mguu. Fimbo ikazama kama kwenye uji, mpaka kiganja chake kikakaribia ardhi. Alipoitoa, ncha ilikuwa inafuka moshi.

"Unaona, Jaduong'," nikamwambia, "juu pamepoa kabisa."

"Mti umeungua kwa mizizi," akajibu. "Mizizi ikiisha, linabaki shimo lenye makaa, na majivu yanalifunika. Ng'ombe wangu mmoja alivunjikia humo."

Tangu siku ile sipiti karibu na kisiki kilichoungua. Mzunguko wangu ni upana wa kivuli ambacho mti ule ungetoa saa sita mchana, maana mizizi hutambaa mbali kuliko tunavyodhani. Na kila ninapotilia shaka, nachuchumaa na kuleta mgongo wa kiganja juu ya majivu bila kuyagusa. Ngozi ya hapo huhisi joto upesi kuliko vidole.

Mwezi ukipita, hatari inabadilika sura. Sasa ni mvua. Udongo uliookwa na moto mkali hukataa maji: tone linaviringika juu yake kama kwenye jani la nduma, halizami. Hakuna nyasi za kulizuia wala majani makavu ya kulinywa. Mvua ambayo mwaka jana ingelowesha tu mteremko, mwaka huu itakuja yote korongoni kwa mpigo mmoja, imebeba matope, magogo na mawe. Na haihitaji kunyesha ulipo wewe. Inatosha inyeshe juu Gwassi huku wewe uko chini kwenye jua, unakula. Kwa hiyo ingia korongoni mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ikiwezekana, na uwe umetoka kabla ya saa sita. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea vilimani na mawingu hujengeka juu ya kilele. Ukiona kilele kimevaa wingu jeusi, au ukisikia mngurumo usioujua, au maji ya kijito yamegeuka rangi ghafla, panda ubavuni mara moja. Usikimbie kufuata korongo kuteremka. Maji yatakushinda mbio.

Mimi napenda Juni na Julai. Masika yamepita, kingo zimejaribiwa na zilizokuwa za kuanguka zimeanguka, na kijani kimesharudi vya kutosha kukuonyesha ni mti gani umepona na upi umekufa.

Kibali si jambo la kubishania. Ndani ya Ruma hutembei kwa miguu peke yako. Fika lango la Kamato, jieleze kwa askari wa wanyamapori wa KWS na uombe usindikizwe. Kuna nyati humo, kuna chui, na kuna vifaru walioletwa tangu 2011. Nyati hupenda majani mabichi yanayochipua baada ya moto, naye hukaa katika kichaka kilichosalia kwenye kona ya korongo, pale pale unapotaka kupumzika kivulini. Nje ya hifadhi, upande wa Gwassi, anza kwa ofisi ya misitu iliyo karibu, kisha kwa wenyeji. Kila korongo lina mtu anayelijua. Salimia kwanza, taja unakotoka na unakokwenda, na ulizia mzee mmoja au kijana wa kuchunga akuongoze. Mkubaliane malipo kabla hamjaanza, na umlipe siku hiyo hiyo. Yeye ndiye anayejua moto ulianzia wapi, mwamba gani uliporomoka na maji ya kunywa yako wapi.

Kuhusu mavazi, nina neno moja ambalo mgeni hulipuuza: usivae buluu, usivae nyeusi. Lambwe ni bonde la mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi hizo mbili. Ndiyo maana mitego unayoiona ikining'inia vichakani imeshonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Ugonjwa wa malale uliwahi kuwafukuza watu kutoka bonde hili. Leo habari ni njema: Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tishio kwa afya ya umma nchini Kenya, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi aliripotiwa 2009. Hata hivyo mbung'o wangali wapo, na kuumwa nao kunachoma kama sindano. Rangi ya kaki au ya majani makavu inatosha. Suruali ndefu, mikono mirefu, viatu vya ngozi vyenye soli nene. Ndara na raba nyepesi ziache, soli zake huyeyuka. Leso au kitambaa cha kufunika pua, kwa sababu majivu yaliyokauka hupanda kwa kila hatua na kifua huyakumbuka wiki nzima.

Maji beba yako, lita tatu kwa mtu. Kijito kinachotoka kwenye mteremko ulioungua kinaweza kuonekana safi, kumbe kimebeba majivu na vinyesi vya wanyama vilivyosombwa na mvua. Chakula kiwe kilichopikwa nyumbani: nyoyo ya jana, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ikiwa kwenye kopo ni chakula kizuri kuliko vyote kwa safari hii, haiharibiki upesi wala haihitaji kupashwa moto. Nasisitiza hapo pa kupasha moto. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua kwa siku nyingi, zaidi ya kilomita za mraba 95, na taarifa za hifadhi zilisema moto ulianzia Whona, kituo cha mapumziko kwenye njia ya Marangu, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Sasa uko ndani. Tembea juu ya jiwe. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya mwamba wa kijito na mteremko mweusi uliolainika, chagua mwamba, hata kama ni safari ndefu zaidi. Moto ukiondoa nyasi, uhai wote wa kilima hubaki katika udongo wa juu usiozidi kina cha kidole: mbegu, mizizi midogo na rutuba ya majivu yenyewe. Nyayo zako zinauvunja udongo huo, mvua inauchukua, na kesho uko ziwani ukilisha gugumaji ambalo wavuvi wa Homa Bay wanahangaika nalo. Tembeeni kwa mstari mmoja nyuma ya kiongozi, msitapakae. Ukikuta mstari wa mawe yaliyopangwa kukata mteremko, uvuke kwa kuinua mguu wala usiutumie kama ngazi. Kuna mtu aliupanga ili maji yapunguze mwendo. Kama unadhani mawe yaliyopangwa bila saruji ni kazi ya siku mbili, rudi kupitia Thimlich Ohinga upande wa Migori. Kuta zake zimesimama karne kadhaa bila kitu cha kuzishikanisha ila ufundi wa kupachika jiwe juu ya jiwe, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini si kila jiwe ni la kuaminika. Moto hupasua mwamba kwa ndani na kuuacha umeshikilia kwa nje. Kabla ya kushika au kukanyaga, ligonge kwa fimbo. Likitoa sauti kavu ya jiwe, endelea. Likilia kama debe tupu, liache. Miti nayo iangalie kutoka mbali: uliosimama huku umeliwa na moto upande mmoja wa shina unaweza kuanguka kwa upepo mdogo tu, na hautoi onyo. Usile wala usipumzike chini yake.

Haya ndiyo ya kutazama, na hapa ningekuomba usiwe na haraka. Piga goti mbele ya shada la nyasi lililoungua. Kwa juu linaonekana kama brashi ya kiatu iliyotiwa rangi nyeusi. Litenganishe polepole kwa vidole viwili. Ndani, kwenye shina lililobanwa na majani ya zamani, utakuta ncha za kijani kibichi, fupi kuliko punje ya mchele, zenye unyevu hata kama mvua haijanyesha. Nyasi hizi zimezoea moto kwa vizazi vingi, na kichipukizi chao kimejificha pale joto lisipofika. Rudisha majani yake kama ulivyoyakuta, kisha ufute masizi vidoleni.

Tazama orembe, ule mti ambao maua yake mekundu huchanua ukiwa hauna jani hata moja. Gome lake nene lenye magamba ni koti. Sehemu ya nje imekuwa mkaa, lakini ukilichungulia katika ufa utaona rangi ya uhai. Keyo, mti mwingine wa huku, nayo hutoa machipukizi kutoka kisikini. Ukiona kichaka kinachorudi kwa kasi kuliko vyote, chenye maua madogo ya rangi mchanganyiko, usikifurahie: huyo ni nyabende, mgeni kutoka Amerika ambaye hupenda ardhi iliyofunguliwa na moto, na akishika korongo nyasi hazipati nafasi tena. Mwambie kiongozi wako mahali ulipomwona akiwa bado mdogo. Ndege watakuja wenyewe. Mwewe huufuata moto ungali unawaka, wakidaka panzi wanaokimbia. Baadaye korongo wa miguu mirefu hutembea kwenye weusi wakiokota kilichobaki. Na kuanzia Aprili hadi Septemba, juu ya nyasi changa za Ruma, ukiwa na bahati utamwona mbayuwayu wa buluu, anayetoka kusini mwa Afrika kuja kukaa hapa, naye ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Siyo kwamba moto wote ni adui wa bonde hili. Nyasi zinahitaji kuchomwa mara kwa mara, la sivyo vichaka vinazimeza na korongo swala anakosa malisho. Moto wa kupangwa, wa sehemu ndogo, unaofuatwa na watu wenye matawi na maji, ni kazi ya wasimamizi wa hifadhi. Lakini makorongo hayakuumbwa kwa moto wa kila mwaka. Nyasi za sakafuni hurudi kwa wiki chache, ilhali mti mkubwa wa ndani ya korongo ulichukua umri wa babu kufika hapo. Kilimanjaro wameliona hilo kwa uchungu: moto wa kurudiarudia umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu, na miti iliyokuwa ikikamata ukungu na kuugeuza maji haipo. Makorongo yetu ndiyo yanayotunza chemchemi. Yakikauka, ni akina mama wa Magunga na Ndhiwa watakaotembea mbali zaidi na madumu.

Na kama moto mpya ukitokea ungali ndani? Usipande korongo huku moto uko chini yako. Utakushika kabla hujafika juu. Tafuta mahali palipokwisha kuungua, ardhi nyeusi isiyo na kitu cha kuliwa, uingie hapo na ubaki hapo. Huo ndio usalama wa karibu zaidi, na ndiyo sababu ya kukariri njia uliyopita tangu mwanzo. Ukikosa, ubavu wa mwamba mtupu au kitanda cha kokoto katikati ya kijito. Funika pua kwa kitambaa, ulale chini panapokuwa na hewa.

Siku ikiisha, piga picha moja mahali unapoweza kupakumbuka, kwenye mwamba wenye alama au chini ya orembe uliyoichagua, ukielekeza simu upande ule ule. Rudi mwakani ukapige tena hapo hapo, na nakala wape askari wa hifadhi na mzee aliyekuongoza. Picha tatu za miaka mitatu zitawaeleza kama korongo linapona au linakonda. Wenye kulala wanaweza kuulizia nyumba ya wageni ya Oribi ndani ya Ruma, wengine watarudi Homa Bay kwa matatu za jioni.

Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila kibali, lakini askari hawawezi kukaa katika kila korongo, nawe utakuwa huko peke yako na kiongozi wako. Basi nakuomba, msomaji: kabla ya kufunga mkoba, toa sigara, toa kiberiti, uviache Awendo.